Swali la Ishirini na Tatu

Naserian alinipigia simu Jumanne mchana nikichambua maharagwe, kuniambia kwamba baba yake, Mwalimu Koinet, ametutoka. Mazishi yatakuwa Jumamosi nyumbani kwao, nje kidogo ya Bisil, na familia ilikuwa inaomba niseme maneno machache kwa niaba ya walimu waliofanya kazi naye. Nilikubali kabla hajamaliza. Ndipo akasita, nikasikia akifunga mlango ili wengine wasimsikie. "Mwalimu Mumbua, kuna kitu kingine. Tunaandika historia ya Baba ya kusomwa hiyo siku. Mjomba anasema tuseme tu ukweli, kwamba alitolewa Kitengela kwa sababu ya swali la mtihani aliandika. Mama hataki litajwe. Sasa nakuuliza wewe kwa sababu ulikuwa huko. Hilo swali ni yeye aliandika?" Nilimwambia niko na kitu kwa jiko, nitampigia. Sikuwa na kitu. Jiko lilikuwa halijawashwa. Niliporudi kwenye maharagwe nilijikuta natupa mazuri na kuyatia mabovu kwenye sufuria, nikakasirika, nikamwaga yote kwenye sinia na kuanza upya. Nina miaka hamsini na kitu, nimefundisha karibu miaka thelathini, na mtoto wa watu ameniuliza swali la ndiyo au hapana nikakimbia.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilijiona najua kila kitu. Nilikuwa nimeajiriwa katika shule moja ya msingi ya serikali pale Kitengela bila kusomea ualimu, wale tulioitwa UT, na watu wakizitamka herufi hizo kama wanataja ugonjwa. Nilipewa GHC ya darasa la tano hadi la saba. Hiyo ilikuwa Jiografia, Historia na Uraia vikiwa vimefungwa pamoja kuwa somo moja, ambalo miaka michache baadaye lilibadilishwa jina likawa Somo la Jamii. Hakuna aliyelitaka. Walimu wenye vyeti walichukua Hesabu na Kiingereza, masomo ambayo mzazi akikukuta sokoni anakushika mkono kwa heshima, na GHC ikaachiwa mgeni na mzee. Mgeni nilikuwa mimi. Mzee alikuwa Koinet, ingawa nikipiga hesabu sasa naona alikuwa na miaka arobaini tu, mdogo sana kuliko nilivyo leo. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa jopo la GHC la zoni, yaani kikundi cha walimu kilichotunga mitihani ya shule zote za upande wetu.

Stafrum yetu, chumba cha walimu, ilikuwa nusu ya darasa. Nusu ya pili ilikuwa ofisi ya hedimasta, Bwana Kamande, na kati yetu palikuwa na ukuta wa plaiwudi ambao haukufika hata kwenye paa. Kila kilichosemwa huku kilisikika kule, kwa hiyo walimu walizoea kunong'ona na hedimasta alizoea kukohoa kabla ya kuongea. Vumbi jeupe la machimbo ya mawe liliingia kwa madirisha likakaa juu ya madaftari, na saa nne, chai ilipoletwa, ilibidi kwanza upulize kikombe. Mimi nilibeba muthokoi kwenye kopo la plastiki. Koinet alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando yaliyonukia moshi, na kila siku alinimiminia kidogo kwenye kifuniko bila kuniuliza kama nataka. "Hii mahindi mnaitoa ngozi ndio nini?" alikuwa akiniuliza, akichungulia kopo langu. "Ngozi iliwakosea wapi?" Nami nikamjibu, "Na nyinyi maziwa mnayapika na moshi, mnaogopa yatapata baridi?" Walimu wote walicheka, kila siku utani ule ule, na hatukuuchoka. Ilikuwa meza moja ndefu na tulikaa popote palipokuwa na nafasi.

Halafu uchaguzi ukaanza kunukia, na meza ikaanza kugawanyika. Hakuna aliyetangaza. Siku moja tu niliona Wakikuyu wako karibu na dirisha, Wakamba karibu na mlango, na Wamaasai watatu wamekaa mwisho karibu na kabati la chaki, na mtu akiingia mazungumzo yanahama kwenda kwenye mvua. Jumatatu moja asubuhi tulikuta karatasi zimetawanywa langoni mwa shule, zimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba wageni wote wajue kwao ni wapi kabla ya siku ya kura. Bwana Kamande alituma ziokotwe, akazichoma mwenyewe nyuma ya vyoo, kisha akatukusanya na kutuambia kwamba hakuna aliyeona chochote. Alikuwa mtu wa Murang'a mwenye ploti na nyumba ya mawe pale pale Kitengela.

Muhula wa kwanza, kabla mambo hayajachacha, Koinet aliniita nione anavyofundisha uhamiaji wa jamii. Nilikwenda na kitabu kwapani. Alilitoa darasa la tano lote nje, akasema mlingoti wa bendera ndio Kitengela, akachora barabara ya Namanga kwa jivu. Kila mtoto akachukua jiwe kwenye vifusi vilivyoletwa kutoka machimboni vya kujengea choo, akaambiwa aliweke pale babu au nyanya yake alipozaliwa, kisha asimame hapo. Watoto wa Kikuyu walielekea upande wa jikoni. Wakamba walikwenda mashariki hadi kwenye ua wa kayaba, na msichana mmoja mwembamba aliyeitwa Mwende akapenya ua kabisa, akasimama nje, kwa sababu nyanya yake alizaliwa Kitui na Kitui haikuweza kutosha ndani ya shule. Wamaasai walibaki mlingotini wakiwacheka wenzao kwa jinsi walivyotoka mbali. Ndipo Koinet akachukua jiwe lake mwenyewe, akatembea kaskazini, akapita madarasa, akapita vyoo, na tukamsikia akipaza sauti kutoka huko nyuma: "Babu yangu alizaliwa huku, Laikipia! Mzungu alimtoa na ng'ombe zake, akamwambia aende kusini! Nani mwingine babu yake alikuwa huku?" Watoto kadhaa wakatoka mlingotini taratibu wakamfuata. Waliobaki walikuwa wachache, na hao pia hawakuwa wanacheka tena.

Mimi niliona ni kupoteza wakati. Tulikuwa nyuma kurasa kumi na mbili. "Hilo litaulizwaje kwa mtihani, Mwalimu?" nilimuuliza tukirudi. "Halitaulizwa," akasema. "Sasa?" Akafuta jivu kwenye viganja. "Sasa wamesimama kwa jua dakika arobaini, kila mtu ameona mwenzake alitoka wapi. Hiyo ndiyo kazi ya hili somo. Hiyo ingine ni ya kupata maksi." Nilimuonea huruma. Nilidhani ni mtu aliyekata tamaa ya kupandishwa cheo na sasa anatafuta maneno ya kujifariji.

Muhula wa pili ulipofika, Koinet aliniambia nitunge karatasi ya GHC ya darasa la tano, maswali sitini, naye ataisoma kabla haijapelekwa kuchapwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuaminiwa na jopo. Wakati huo huo nilikuwa nimeomba nafasi katika chuo cha ualimu, na ombi lilikuwa linangoja jambo moja tu: barua ya afisa wa elimu wa wilaya, kutoka Kajiado, kuthibitisha kwamba ninafaa. Bila barua hiyo ningebaki UT, na UT walikuwa wanaanza kuachishwa. Ungedhani basi ningeifanya kazi ile kwa uangalifu. Lakini Jumamosi ile kwaya yetu ilikuwa na mashindano, na mimi ndiye nilikuwa naanzisha wimbo. Kwa hiyo Ijumaa nilikaa na kitabu cha zamani na mtihani wa zoni nyingine, nikanakili mbio mbio. Swali la ishirini na tatu, kwa Kiingereza kama maswali mengine, liliuliza ni jamii gani inayoishi katika Wilaya ya Kajiado. A, Wakamba. B, Wakikuyu. C, Wamaasai. D, Wagusii. Kwenye funguo, ile orodha ya majibu, nikaandika C. Mimi, Mkamba, nikiwa nimekaa kwenye chumba changu cha kupanga, Kitengela, Wilaya ya Kajiado. Kalamu haikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Sikuwa na chuki wala woga. Nilikuwa na haraka tu, na kitabu kilisema hivyo.

Koinet hakuisoma. Jumamosi ile mkewe alishikwa na uchungu ukawa mgumu, akapelekwa hospitali ya Kajiado, na Jumatatu asubuhi nilimkuta Koinet kando ya barabara akingoja gari, macho mekundu, shati limevaliwa nje ndani. "Umeiangalia vizuri?" akaniuliza. Nikamwambia nimeiangalia vizuri. Aliiweka juu ya goti, akatia sahihi penye nafasi ya mwenyekiti wa jopo, akaingia garini. Jioni yake mtoto alizaliwa salama, msichana, wakamwita Naserian. Nilituma leso.

Nilizisahihisha karatasi kwa kasi, macho kwenye funguo. Mwende alikuwa ameandika A. Nikamwekea alama nyekundu ya kosa, kubwa, maana mkono wangu ulikuwa umeshapata mwendo. Nilipozirudisha aliinua mkono. "Mwalimu, hii ishirini na tatu umenikosesha na niko sawa." Nikamwambia asome kitabu chake. "Lakini mimi ni Mkamba na ninaishi hapa. Hata Njeri ni Mkikuyu na anaishi hapa." Nikamwambia kitabu kinasema Wamaasai. Akafikiri. "Na wewe, Mwalimu, unaishi wapi?" Darasa likaangua kicheko, nami nikapandwa na hasira, nikamwamuru akae chini aache kunichezea. Hasira zangu zimekuwa karibu tangu utotoni. Lakini siku ile zilikuja upesi kuliko kawaida, na nadhani ni kwa sababu nilikuwa tayari nimeelewa.

Alhamisi mama yake akaja. Mama Mwende alikuwa akipikia vibarua wa machimbo, mwanamke mpana aliyevaa aproni hata akienda kanisani, na aliingia stafrum bila kubisha hodi. "Mwalimu, mimi sikusoma sana. Nisomee hapa kwa Kiswahili." Nikasoma. "Na mtoto aliandika gani?" A. "A ni nani?" Wakamba. "Na hii nyekundu, nani aliweka?" "Ni mimi, lakini..." Akanikatiza kwa kunishika bega. "Wewe uliambiwa tu uweke. Najua. Wewe ni mwiitu wa kwitu, msichana wa kwetu, huwezi kutoa kitu kama hiki kwa kichwa chako. Nani aliandika haya maswali?" Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Walimu wanne walikuwa mezani, Koinet mwenyewe alikuwa nje akimfunga mtoto mmoja kidonda, na ningeweza kusema maneno mawili. Nilisema, "Yanatoka zoni." Mama Mwende akageuza karatasi hadi ukurasa wa mwisho, akafuata kwa kidole mstari wa chini, na kwa mtu ambaye hakusoma sana akalisoma jina waziwazi. "Koinet."

Kufikia Jumamosi karatasi ile ilikuwa imetolewa nakala nyingi kuliko mtihani wenyewe. Machimboni watu walisema Mmaasai amewaandalia watoto wao njia ya kufukuzwa, anawafundisha kujikana. Upande wa pili ulikuwa mbaya zaidi: mpiga debe wa mgombea mmoja aliipeperusha kwenye mkutano, akasema hata serikali kwa mtihani wake imekubali nani ni mwenyewe na nani ni mpita njia. Jumatatu nusu ya darasa langu haikuja. Jumanne Koinet aliingia stafrum bila kibuyu, suruali imelowa hadi magotini, inanuka moshi na maziwa. Vijana walikuwa wamemsimamisha kwenye njia ya machimbo wakamwagia. Alikaa, akafungua daftari la mahudhurio, akaanza kuita majina kwa sauti ya chini kana kwamba watoto walikuwa mle ndani.

Saa nne Bwana Kamande alimwita. Alisahau kukohoa. "Mwalimu, nisaidie nikusaidie," tukamsikia. "Nani alitunga ile kitu?" Koinet akasema, "Jopo ni langu. Sahihi ni yangu." "Sikuulizi sahihi. Nakuuliza mkono." "Na mimi nimekujibu, Mwalimu Mkuu." "Unajua watakutoa hapa? Ijumaa afisa anakuja, wazazi wanakuja, chifu anakuja. Wanataka mtu." "Nimesikia." "Una mtoto wa wiki mbili nyumbani, Koinet!" Mimi nilikuwa bado na kijiko cha muthokoi mkononi. Koinet alitoka, akapita nyuma ya kiti changu. Nilingoja aseme neno. Alisema, "Maliza kula, kengele inakaribia."

Jumatano nilikwenda Kajiado kusema ukweli. Niliapa njia nzima. Ofisi ya elimu ilikuwa jengo refu la mabati lenye benchi kwenye ukumbi, na mlango wa afisa ulikuwa wazi kidogo, kwa hiyo nilipokuwa nangoja nilimsikia karani akisema kwamba kesi ya Kitengela ni nyepesi, huyo mtu apelekwe mbali kabla ya kura, hata kama ni malaika. Afisa akajibu, "Na huyo hedimasta anasema labda si yeye alitunga." Karani akacheka. "Sasa ni nani? Mkamba aandike hivyo? Mkikuyu?" Wakacheka wote wawili. Afisa alipotoka alinikuta nimesimama. "Wewe ndio Mumbua? Barua yako iko kwa meza yangu, nangoja tu hii moshi ya shule yenu itulie. Kuna shida yoyote upande wako?" Alikuwa na uso mwema, uso wa mtu anayetaka kumaliza kazi aende nyumbani. Nikasema, "Hakuna shida, sir." Nikamshukuru. Nilitoka nje, nikanunua soda, nikakaa kivulini nikainywa yote, na hata leo nikiambiwa nitaje kitendo cha aibu zaidi maishani mwangu, nataja hiyo soda, kwa sababu ilikuwa tamu.

Mkutano ulifanyika Ijumaa saa nane mchana katika darasa la nane. Hakuna aliyepanga watu, lakini ungeweza kuchora mstari katikati ya chumba: shuka nyekundu huku, aproni na makoti kule, na wanaume wa machimbo wamejaa mlangoni wakiwa bado na nyundo mikononi. Afisa alikaa mbele na chifu. Koinet alisimama. "Karatasi iko na sahihi yangu," akasema. "Hilo swali ni baya. Limeumiza watoto. Naomba msamaha." Mtu akapiga kelele, "Aseme kwa nini aliandika!" Mzee mmoja wa upande wa pili akasimama na fimbo, "Aombe msamaha kwa nini? Amesema uwongo gani?" Chumba kikavuma. Chifu akagonga meza. Ndipo Mama Mwende akainuka, akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa nimejibana kwenye kona na walimu. "Tumuulize huyu. Mwalimu, usiogope. Wewe ni wetu. Waambie huyu mtu huwa anawafanyia nini hapa ndani."

Wewe ni wetu. Ni hayo maneno yaliyonipandisha. Sikusimama kwa ushujaa, nilisimama kwa hasira, miguu ikitetemeka. "Hakuna kitu anatufanyia," nikasema. "Ni mimi niliandika hilo swali. Nilitoa kwa kitabu. Mwalimu Koinet hata hakuliona." Kisha mwanaume mmoja mlangoni akasema taratibu, "Wamemtisha." Mwingine akasema, "Huyo mtoto wamemtisha! Angalieni anavyotetemeka!" Nikasema hapana, nikasema nina funguo nyumbani kwa mwandiko wangu, nikasema hadi sauti ikakatika, na kadiri nilivyosema ndivyo Mama Mwende alivyolia. Alinijia akanikumbatia mbele ya watu wote, akanifunika uso kwa aproni yake iliyonuka vitunguu. Nilipojinasua, kelele zilikuwa zimebadilika. Sasa kosa la Koinet halikuwa swali tu. Sasa alikuwa mtu mzima aliyemlazimisha msichana yatima ajitwike dhambi zake. Mimi si yatima, lakini hilo nalo lilishaamuliwa. Nilimtazama Koinet. Kwa mara ya kwanza katika siku zote zile niliona hofu machoni mwake.

Afisa alimaliza mambo upesi. Koinet ahamishwe kuanzia Jumatatu, shule ya mbali kupita Bisil, avuliwe uenyekiti wa jopo. Watu walipiga makofi, wengine wakatoka wakitukana. Kisha afisa akaniita kando, akafungua mkoba, akatoa barua yangu, imeshatiwa muhuri. "Nenda chuo, msichana," akasema. "Utoke hapa kabla hawajakumaliza." Nilimwambia tena kwamba ni mimi. Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Nimesikia," akasema, na akanipa.

Nilimkuta Koinet stafrum akipanga vitabu vyake kwenye gunia. Nilianza kuomba msamaha, akaniinulia mkono. Watu humkumbuka kama mtu mpole, na Jumamosi watasema hivyo, lakini siku ile hakuwa mpole. "Ulikuwa na siku nane, Mumbua. Nilikuwa nahesabu. Siku ya kwanza ungesema, ingekuwa makosa ya kijana. Wangekugombeza, ungelia, tungefuta swali, tungeendelea. Mimi nilikaa nikasema, wacha aje mwenyewe, nikimtaja mimi itakuwa Mmaasai ametupia Mkamba lawama." Nikamwambia, "Nimesema leo." "Leo ulisema kwa sababu yule mama alikuita wao. Ulikasirika. Si kwa ajili yangu." Alifunga gunia kwa kamba, akavuta fundo kwa meno. "Sema kama ni uwongo." Haukuwa uwongo. Alibeba gunia begani akaondoka, na sikumsaidia hata kulishika mlangoni.

Tulionana tena, miaka ya baadaye. Nilipomaliza chuo nilimwandikia, akajibu, na kwenye semina za walimu, somo letu lilipopewa jina jipya na vitabu vipya vyenye picha, tulikaa meza moja na kutaniana kuhusu mahindi. Hatukuligusa lile jambo. Nilijiambia amesamehe, na labda kweli. Lakini kumbe miaka yote hiyo mkewe, na shemeji zake, na mtoto aliyezaliwa siku ya sahihi, walikuwa wanaishi na swali ambalo si lake, naye hakuwahi kuwaambia ni la nani. Nimempigia Naserian leo asubuhi. Nimemwambia, "Ni mimi niliandika. Andikeni hivyo, na jina langu lote, na Jumamosi nitalisoma mwenyewe." Kisha akaniuliza, "Na Baba alijua?" Nikasema alijua kuanzia siku ya kwanza. Akakata simu. Sijui kama bado wananitaka niende. Nitakwenda.

Lakini kuna Jumatatu moja imebaki, ile iliyofuata mkutano. Afisa alikuwa ameagiza swali lifutwe kwenye karatasi zote, nami nikasimama mbele ya darasa la tano, lililojaa tena, nikawaambia wachukue rula wapige mstari juu ya ishirini na tatu. Wakapiga, wote isipokuwa Mwende. Alisimama na karatasi yake mkononi, nyekundu yangu ikionekana hadi mbele. "Mwalimu, mama amesema Mwalimu Koinet alikutisha ndio useme ni wewe. Ni kweli?" Nilijua jibu lolote nitakalotoa litakuwa limefika machimboni kabla ya saa kumi, na barua ilikuwa mkobani mwangu. "Si kweli," nikasema. "Hakuna mtu alinitisha. Hilo swali niliandika mimi, na hiyo kosa nilikuwekea mimi." Wazazi na wakubwa wote wa Ijumaa hawakuniamini hata mmoja. Mwende aliniamini papo hapo. Niliona ikimwingia usoni. "Basi ni wewe," akasema, akakaa. Tangu siku hiyo hadi nilipoondoka kwenda chuo hakuinua mkono tena katika somo langu.